Chuma Kinapokataa Kupanda: Kutoka Uanagenzi hadi Ngazi ya Kati

(Haya ni maneno ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti mbele ya wakazi wanaotumia ukumbi wa mazoezi wa kaunti. Tunayachapisha kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuhudhuria.)

Asanteni kwa kuja jioni hii, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja, na akina mama mlioacha sufuria mekoni. Wenzangu wa michezo wameniomba nizungumzie swali moja ambalo makocha wetu wa kujitolea huulizwa kila wiki: "Chuma kilikuwa kinapanda vizuri, sasa kimekwama. Nifanye nini?" Mimi si daktari wala si kocha. Kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti. Hata hivyo nimenyanyua chuma kwa miaka kadhaa, na masomo ya uandishi wa habari yalinizoesha kuuliza, kusoma na kulinganisha kabla ya kusema. Nitawapa nilichokusanya.

Kwanza nieleze kwa nini swali hili lina uzito. Kila Januari ukumbi huu hujaa hadi watu wanapanga foleni mbele ya benchi. Ikifika mwezi wa tano, wengi hawaonekani. Kati ya wanaobaki, wapo wanaoanza kulazimisha chuma, wakakiinua kwa kupinda mgongo, na baada ya wiki chache wanatembea wakijishika kiuno. Wapo pia wanaovutwa pembeni na mtu mwenye mkoba wa vidonge na sindano. Aliyeacha, aliyeumia na aliyenunua sindano walifika mahali pamoja, yaani mwisho wa uanagenzi. Kila mmoja alidhani mwili wake umeshindwa, kumbe umefuzu.

Mwanagenzi katika kunyanyua chuma ni nani? Watu hutaka kujibu kwa kilo. Jibu si hilo. Wamarekani wawili, Mark Rippetoe na Lon Kilgore, katika kitabu walichokitoa 2006, waliligawa jambo hili kwa muda wa mwili kupona, na mimi naona mgawanyo wao ndio unaofaa zaidi kwa watu wa kawaida. Mwanagenzi ni mtu ambaye akifanya kazi Jumatatu, kufikia Jumatano mwili wake umepumzika, umejijenga, na anaweza kuongeza uzito. Mtu wa ngazi ya kati ni yule ambaye siku mbili hazimtoshi tena. Anahitaji wiki nzima ya kazi iliyopangwa ili aongeze kile alichokuwa akikiongeza kwa siku moja.

Kwa hiyo mama wa miaka 55 aliyefanya mazoezi bila kukosa kwa miezi minne, akakwama kwenye kilo 35 za kuchuchumaa, huenda tayari amefika ngazi ya kati. Kijana wa miaka 20 anayechuchumaa na kilo 80, na bado anaongeza kila siku anapokuja, ni mwanagenzi. Nawaomba vijana mkumbuke hilo mkimwona mama huyo kwenye reki. Yeye ametangulia.

Sasa, mbona mwanzoni chuma hupanda haraka hivyo? Wiki za kwanza, sehemu kubwa ya nguvu mpya haitokani na misuli kunenepa. Inatokana na ubongo na neva kujifunza kuiamrisha misuli iliyokuwepo. Watafiti Moritani na deVries waliandika juu ya hilo mwaka 1979, na tafiti za baadaye zimeendelea kuliunga mkono. Mnamjua mtu anayejifunza pikipiki. Siku ya kwanza hushika usukani kwa mwili mzima, mabega juu, meno yamekazwa. Baada ya mwezi anapita kwenye matuta akisalimia watu. Misuli yake haikubadilika sana, amejifunza tu nini cha kukaza na nini cha kulegeza. Kunyanyua chuma ni hivyo hivyo. Somo hilo likishaiva, kinachobaki ni kazi ya polepole, yaani kujenga misuli yenyewe pamoja na kano zinazoishikilia kwenye mifupa, na kano ni nzito kubadilika kuliko misuli.

Tupige hesabu kidogo. Mtu akiongeza kilo 2.5 kila anapokuja, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja ataongeza kilo 390. Kama alianza na 40, atakuwa anachuchumaa na kilo 430, zaidi ya uzito wa ng'ombe wetu wengi wa kienyeji. Iko hadithi ya kale ya Milo wa Kroton, mpiganaji mieleka wa Ugiriki, anayesemekana alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali na yeye bado anambeba. Makocha huipenda sana. Mimi huwauliza: baada ya fahali kukomaa, Milo alifanya nini mwaka uliofuata? Hadithi inanyamaza hapo hapo tunapoihitaji.

Lakini msikimbilie kubadilisha mpango. Kukwama kwingi ninakokuona hapa si mwisho wa uanagenzi. Ni mambo madogo ambayo hayajatazamwa, na la kwanza ni uzito wenyewe.

Wengi wenu mnafanyia mazoezi nyumbani kwa vyuma vya kujitengenezea: ekseli kuukuu, mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, gia za lori kutoka kwa fundi wa jua kali. Siwalaumu hata kidogo, chuma hakijui kilitoka wapi. Taabu ni kwamba mkebe mmoja wa saruji una kilo 8, mwenzake ambao mlidhani ni pacha una kilo 9 na nusu, na mkebe unaofuata kwa ukubwa una 14. Mtu anatoka kwenye jozi ya kwanza kwenda ya pili na ameongeza zaidi ya kilo 10 kwa siku moja, tena upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine. Huyo hajakwama, ameruka ngazi nne. Vipimeni. Mwenye duka la vyuma chakavu ana mizani, na kwenye kinu cha kusagia unga ipo pia. Andikeni uzito kwa rangi ubavuni mwa kila mkebe. Halafu tafuteni nyongeza ndogo. Kifuko cha mchanga cha kilo moja na robo kila upande, kikifungwa kwa nguvu, kinatosha. Mafundi wana vile vyuma vidogo vya duara wanavyoviita washa. Vikubwa kadhaa vikitungwa pamoja vinakupa nusu kilo. Hapa ukumbini chuma chetu kirefu kina kilo 20 kabla ya kuweka chochote, na sahani ndogo kabisa ni ya kilo 1.25. Kila jioni naziona zimelala pembeni na vumbi juu yake kwa sababu watu wanaona aibu kuziweka. Aibu ya nini? Hizo ndizo sahani za mtu anayejua anachofanya.

Jambo la pili ni mapumziko kati ya seti. Mwanagenzi wa wiki ya pili anaweza kupumzika dakika moja na nusu na akaendelea. Uzito ukishakuwa wa kweli, zinahitajika dakika tatu, wakati mwingine tano. Najua ukumbi una foleni na mwenzako anakukodolea macho. Fanyeni zamu, watu watatu kwa chuma kimoja, na muda wa kupumzika utajipanga wenyewe.

Usingizi na chakula ni jambo la tatu. Walinzi wa usiku na waendeshaji bodaboda wa usiku wananielewa nikisema kwamba mtu aliyelala saa nne hawezi kudai mwili wake ufanye kazi ya aliyelala saa nane. Kwa upande wa chakula, kipimo kinachotajwa sana na watafiti wa mazoezi ni gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Mkipiga hesabu mtaona inawezekana kwa githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, ndengu, omena, maziwa ya lala na mayai mawili matatu, bila mkebe wa poda wa maelfu ya shilingi. Ugali usiache kula. Mtu anayenyanyua na huku anapunguza chakula ili tumbo liishe atakwama mapema, na hapo hakuna mpango wa mazoezi utakaomsaidia.

Tuseme hayo yote umeyaweka sawa na bado chuma kimekataa. Usiongeze siku za kazi. Punguza uzito kwa asilimia 10 na uanze kupanda tena. Ikiwa ulikwama kwenye kilo 90, rudi kwenye 80 au 82.5, tengeneza mkao wako, upande kwa kilo 2.5 kama kawaida. Mara nyingi utapita pale ulipokwama. Ukirudi mara mbili na ukuta ukawa ule ule, na unalala, unakula, hukosi siku, basi karibu ngazi ya kati. Sasa ndipo mpango hubadilika.

Mabadiliko yenyewe ni haya: siku zote tatu zilikuwa sawa, kuanzia sasa kila moja inapewa kazi yake. Nichukue mtu wetu wa kilo 90, ambaye aliweza kuchuchumaa mara tano kwa uzito huo na si zaidi. Jumatatu ni siku ya kazi nyingi. Anafanya seti tano za marudio matano kwa kilo 80, na anaondoka amechoka kwelikweli. Jumatano ni siku nyepesi, seti mbili za marudio matano kwa kilo 65. Hii ndiyo siku inayowashinda vijana, maana wanaona ni kupoteza nauli. Si kupoteza. Inaweka mwili kwenye mwendo na inaukumbusha mkao, huku uchovu wa Jumatatu ukitoka. Ijumaa ni siku ya kudai malipo. Baada ya kupasha mwili moto, anafanya seti moja tu ya marudio matano kwa kilo 92.5. Wiki inayofuata Ijumaa inakuwa 95, na Jumatatu inaongezeka kidogo pia.

Mpangilio huu wa siku nzito, nyepesi na ya kati si mgeni. Kocha Mmarekani Bill Starr aliueneza katika miaka ya 1970, na huu wa Jumatatu ya kazi nyingi na Ijumaa ya uzito mkubwa ulikuzwa baadaye mjini Wichita Falls, jimbo la Texas. Iko mipango mingine mingi na nisingependa mtu atoke hapa akidhani huu ndio pekee. Utakachokiona katika mingi yao ni kwamba nyongeza huhesabiwa kwa wiki, na siku ngumu hufuatwa na siku rahisi.

Hapa ndipo daftari huwa muhimu kuliko mkanda wa kiuno. Mwanagenzi anaweza kukumbuka kichwani, kwa sababu leo ni jana na kilo mbili na nusu. Mtu wa ngazi ya kati hawezi. Andika tarehe, zoezi, uzito, seti, marudio, na neno moja la jinsi ulivyojisikia. Mwezi ukiisha soma. Utaona Ijumaa zote ulizoshindwa zilifuata Alhamisi uliyolala matangani, au wiki ya mwisho wa mwezi mfuko ulipokauka na maharagwe yakapungua.

Mazoezi yote hayafiki ngazi ya kati pamoja. Kusukuma chuma juu ya kichwa hukwama kwanza, kwa kuwa misuli ya mabega ni midogo, na kilo 2.5 juu ya kilo 30 ni nyongeza kubwa kuliko 2.5 juu ya 90. Hapo ndipo zile washa za nusu kilo zinapookoa. Kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi hufuata. Kuinua kutoka sakafuni hupanda kwa muda mrefu, lakini huchosha mgongo kuliko yote. Seti moja nzito ya marudio matano kwa wiki inawatosha watu wengi wa ngazi hii. Kwa hiyo unaweza kuwa wa ngazi ya kati mabegani na mwanagenzi miguuni. Badilisha kile kilichokwama, kinachopanda kiache kipande.

Kwa wale wanaodhani dawa ya kukwama ni kuongeza kazi, nitaje daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumia uzito mkubwa kuwatibu askari waliokuwa wameumia magoti, na mwaka 1945 akachapisha njia yake. Mwanzoni aliagiza marudio 70 hadi 100 kwa zoezi. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins wakashusha hadi 20 au 30, seti mbili au tatu za marudio kumi, kwa sababu waliona kazi nyingi kupita kiasi haileti faida zaidi. Mtu aliyeweka msingi wa mazoezi haya hospitalini alipunguza. Kijana wetu anayefanya seti 12 za kifua siku nne kwa wiki afikirie hilo.

Wazee wetu na wenye muda mfupi, si lazima mje siku tatu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Siku moja nzito na moja nyepesi, mkiongeza kilo moja kila wiki au kila wiki mbili, ni mpango kamili wa ngazi ya kati. Mwili wa miaka 60 unajifunza na unajijenga, ila unataka apewe nafasi zaidi. Na dada zangu, hofu ya kwamba chuma kitawapa mwili wa kiume muiache mlangoni. Misuli haiji kwa kuviziwa. Wanaume wanaitafuta kwa miaka na bado inawasumbua.

Sasa suala la sindano. Nitalisema bila kuzunguka kwa sababu najua linaendelea mitaani. Mwuzaji humjia mtu pale pale anapokwama, kwani ndipo amekata tamaa. Homoni za kujenga misuli zinazouzwa mikobani zinaweza kupunguza mbegu za kiume hadi mtu akose mtoto, kukunja korodani, kuharibu ini na kuumiza moyo. Kwa mwanamke zinaweza kufanya sauti iwe nzito, na huenda isirudi. Nchi yetu ina Sheria ya Kupambana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016 na shirika lake, ADAK, na mwanamichezo anayepatikana nazo anaweza kufungiwa miaka. Hata poda halali yaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye mkebe. Mtu aliyekwama kwenye kilo 60 baada ya miezi mitano hahitaji homoni. Anahitaji siku nyepesi.

Wanaotaka mfano wa karibu, tunaye Hellen Wawira Kariuki, aliyeiwakilisha Kenya katika kunyanyua uzani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo, iliyofanyika 2021, katika kundi la wanawake wasiozidi kilo 41. Mchezo wao ni wa kusukuma chuma kwenye benchi. Chuma hushushwa mpaka kifuani, kinasimama kabisa, ndipo kinasukumwa. Hakuna kukidundisha. Jaribuni hivyo Jumatatu, mtajua uzito wenu wa kweli ni upi.

Usalama nitaupitia kwa haraka kwa kuwa umebandikwa ukutani. Usisukume chuma kwenye benchi peke yako. Ikilazimika, usifunge vibanio, ili ukikwama uinamishe chuma na sahani zianguke. Dole gumba lizunguke chuma. Kabla ya kuanza mpango mzito, pimwa shinikizo la damu zahanati, au muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, onana na mhudumu wa afya kwanza. Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo si kawaida. Acha chuma chini na uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Kuna aliyeniuliza mlangoni, ngazi ya kati huchukua muda gani? Kwa wengi ni miaka. Nyongeza ya kilo 2.5 kwa wiki nayo itakwama siku moja, halafu utahesabu kwa mwezi. Wengi wetu hatutatoka humo kamwe, na hakuna tatizo. Ni mahali pazuri pa kuishi, mtu ana nguvu ya kubeba gunia la mahindi peke yake na mgongo wake ni mzima.

Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mizani ya ukumbi itakuwa uani. Mwenye mikebe ya saruji, gia au ekseli ailete, hata kwa mkokoteni, tuipime na kuiandika uzito bila malipo. Rangi na brashi vipo. Makocha watabaki hadi saa saba kusoma madaftari ya wale waliokwama, kwa hiyo njooni nayo, na asiye na daftari aje na kalamu. Sasa nipokee maswali, nikianzia na mzee aliye pale nyuma.